Maneno ya Mwisho wa Rozari

Kwaru, kwaru, kwaru. Chaki ilikuwa inatembea juu ya mbao.

Koko Generose aliisikia akiwa bado amejifunika, kabla ya adhana, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo. Nyumba yao ya Kilibula, mtaa wa mji wa Uvira, ilikuwa na mlango mmoja tu wa maana, na mgongo wa mlango huo ndio uliokuwa ubao wa Arakaza, mjukuu wake wa kike. Mtoto aliandika, akasimama, akasikiliza kama bibi yake ameamka, kisha akaandika tena kwa mkono mwepesi zaidi. Generose naye, kwa kuuona wema huo, akavuta pumzi ndefu za mtu aliyelala. Ndivyo walivyoishi wawili hao, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwa kumhurumia.

Arakaza alipotoka na bidoni kwenda bombani, Generose aliamka, akawasha taa, akasogea mlangoni. Alikuwa amesoma kidogo tu, huko Luvungi alikozaliwa, kwa hiyo aliyafuata maneno kwa kidole, kipande kwa kipande. PA-TER. MA-TER. Chini yake palikuwa na mstari mwingine uliofutwa kwa kiganja.

Akarudisha mkono wake kifuani. Hiki hakikuwa Kifaransa. Maneno haya aliyajua tangu misa ya zamani, alipokuwa mtoto mdogo akipiga magoti kati ya mama yake na kaka yake. Yalikuwa maneno ya kanisani. Sasa mtoto anayesoma darasa la mwaka wa nane anaamka gizani kuandika maneno ya kanisani, kwa nini?

Arakaza alirudi, akatua bidoni bila kuigonga chini.

"Koko, Ijumaa prefe, mukubwa wa shule, anaita wazazi."

"Umefanya nini?"

"Apana, sikufanya kitu. Ni kwa ajili ya option."

Generose alikuwa ameinama juu ya mbabula, lile jiko la makaa, akipuliza makala. "Hiyo option ni kitu gani?"

"Ni njia ya kusomea. Kuanzia mwaka ujao mpaka Exetat, ule mutihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Hapa ku masomo yetu iko pédagogie peke yake, ya kuwa mwalimu. Mutoto akitaka ingine, muzazi anakuja anaisema kwa kinywa chake, halafu prefe anamutuma ku masomo yenye kuwa nayo. Muzazi asipokuja, mutoto anabaki pédagogie."

"Na weye unataka gani?"

Arakaza aliutazama mlango. "Latin-philo, ya Kilatini na filozofia. Iko Kasenga, kwa masista."

Makala yaliwaka, na Generose hakuacha kupuliza mpaka machozi yakamtoka. Moshi ulikuwa umekwisha zamani.

"Kunywa chai," alisema mwisho. "Utachelewa."

Siku hiyo alichambua mboga za lengalenga, akafagia kiwanja, akamsalimu kila aliyepita, lakini moyo wake ulikuwa umerudi Luvungi, kwenye uwanda wa Ruzizi, kwenye nyumba ya baba yake. Katika nyumba ile mtu mmoja tu alisoma Kilatini, na huyo ni kaka yake, Sévère. Padri alikuja kumchukua kwenda seminari ndogo. Mama yao alichana ukanda wa kitenge chake, akafunga nao sanduku la bati, maana kufuli lilikuwa bovu. Sévère hakulala tena katika nyumba ile ila wakati wa likizo. Likizo ya kwanza alikuja na viatu, na siku ya kuondoka alimkuta Generose analia nyuma ya ghala la mpunga. Akamwekea mkono kichwani, akasema maneno ya Kilatini. Hakuyaeleza. Alikuwa kijana mwenye kitu kipya, na gari la misheni lilikuwa linanguruma barabarani.

Generose aliyashika maneno hayo kama alivyopewa. Tangu siku ile, kila jioni, alipomaliza rozari aliyaongeza mwishoni. Aliyaongeza akiwa msichana, akayaongeza akiwa mke, akayaongeza alipomzika mume, kisha binti yake Amandine, aliyemwachia Arakaza akiwa bado wa kubebwa. Maana yake hakuijua. Alijiambia kwamba Mungu anaijua, na yatosha.

Sévère alipata upadri. Alirudi Luvungi kwa misa ya shukrani, na mama yao mzazi alimpigia magoti aombe baraka. Usiku huo alilala misheni. Baadaye akatumwa mbali, upande mwingine wa nchi, na huko akafa na kuzikwa, na wao walisikia kwa kinywa cha katekista.

Kwa hiyo Generose alijua Kilatini ni nini. Ni kitu kinachochukua mtu. Kwa mvulana kinamfanya padri. Msichana hawezi kuwa padri, kwa hiyo msichana anayekitaka, tena kwa masista, huyo amekwisha kuchagua utawa, ila anaona haya kumwambia bibi yake aliyebaki peke yake duniani.

"Sasa nitamwambia Mungu hapana?" alijiuliza jioni, shanga zikiwa mkononi. "Lakini yeye ana wengi. Mimi niko na huyu mmoja."

Upande wa pili wa mkeka Arakaza alikuwa amepiga magoti, akiitika. Generose alipofika mwisho, akasema maneno ya Sévère kama kawaida, aliona mtoto ameinua uso anamwangalia mdomoni. Akadhani ni uchaji.

Alhamisi, Arakaza alipokwenda masomoni, Generose alifungua sanduku lake, akatoa kitambaa cheupe alichokiweka kwa ajili ya maziko yake mwenyewe. Kilikuwa kizuri, kizito, bado kina harufu ya duka. Akakikunja ndani ya kitenge, akatoka kutafuta pikipiki ya kwenda Kasenga. Dereva alikuwa kijana mwenye miwani ya jua iliyovunjika upande mmoja. Alipoona mzee ameshika mzigo kwa mikono miwili, hakumwambia ashike kiti. Aliendesha pole pole njia nzima, hata wenzake wakampita wakimcheka kwamba amebeba mayai. Generose aliliona hilo pia, na alimwombea.

Rafiki yake Sharifa alikuwa na cherehani kwenye baraza lake huko Kasenga. Alikuwa Mwislamu, wa zile familia za Uvira ambazo mababu zao walikuja na biashara ya ziwa, na walikuwa wamejuana na Generose tangu enzi za kuuza sokoni pamoja. Alikuwa bado anamwita Mama Amandine, ingawa Amandine alikuwa kaburini. Wengi waliacha kulitaja jina hilo kwa kuogopa kumwumiza. Sharifa hakuacha hata siku moja, na Generose alimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo lolote.

"Mama Amandine, karibu. Kaa huku, kule jua linakuja."

"Asante, Mama Nourdine. Nimekuletea kazi."

Sharifa alifungua kitenge. Alipokiona kitambaa, mkono wake ukasimama.

"Hii si ile uliniambia ni ya safari yako?"

"Ni ile."

"Weye uko mugonjwa?"

"Apana. Kuna mwenye safari mbele yangu. Nataka unishonee kanzu ya mutawa na kitambaa cha kichwa. Urefu ni wa Arakaza. Hata kama masista wako na zao, sitaki aende kwao mikono mitupu. Mama yangu alimupa Sévère ukanda wa nguo yake."

Sharifa aliondoa mguu kwenye cherehani. "Arakaza anaenda utawani? Nani amesema?"

"Hajasema. Amechagua Latin-philo."

Mabega ya Sharifa yakaanza kutikisika, akajifunika mdomo kwa mtandio, lakini kicheko kilipenya.

"Nicheke kidogo tu, usinikasirikie. Mama Amandine, watoto wangu wote walisoma Kiarabu chuoni. Kurani waliipiga kichwani, sura kwa sura. Leo Nourdine iko inatengeneza injini za mitumbwi, mafuta mpaka kwenye masikio. Kama kila mwenye kusoma Kiarabu angekuwa shehe, Uvira nzima tungeswalisha, na wa kuswalishwa angetoka wapi?"

"Kiarabu chenu ni kingine."

"Labda ni kingine. Minye sijui mambo ya option, sikufika huko. Ila ndani humu iko mutu anajua." Akaita kuelekea uani. "Raïssa. Njoo, mama. Kuja na mutoto."

Raïssa alikuwa mke wa Nourdine, aliyeolewa kutoka mji wa Baraka mwaka jana tu. Alitoka akiwa amejitanda vizuri, mtoto mchanga mgongoni. Alimsalimu Generose kwa mikono miwili. Akaona kwamba mzee anageuza kichwa ili kusikia, akahamisha kigoda chake mpaka upande wa sikio zima, bila kusema kitu.

"Mwambie," Sharifa alisema. "Wewe Exetat ulifanya option gani?"

"Latin-philo, mama."

Generose alimtazama: mtandio, hina kwenye vidole, mtoto. "Weye? Mwislamu?"

"Kwa masista wa kwetu, koko. Walinipokea vizuri tu. Wakati wao wakisali, minye nilikaa nyuma na daftari langu. Baada ya Exetat nilienda Bukavu kusoma sheria. Huyu akiacha kunyonya nitaendelea." Alimpigapiga mtoto mgongoni. "Darasani kwetu mmoja ni mwandishi wa habari redioni. Mwingine iko na duka. Mtawa hakutokea, ijapokuwa masista walingoja sana."

Sharifa alicheka tena. Generose hakucheka. Alikuwa amelikamata jambo kwa ncha na hakutaka limponyoke.

"Basi nieleze, mwananje, mtoto wangu. Mimi nilikuwa nafikiri Exetat ni moja. Nilikuwa naona watoto wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, wanaimba barabarani, nasema wamefaulu ule mtihani. Kumbe kila mmoja alifanya wake?"

"Ni moja, tena ni nyingi," Raïssa alisema. "Siku zile za mtihani nchi nzima inakaa chini. Siku ileile, koko. Uvira hapa, Kalemie, Kisangani, Kinshasa, mpaka watoto wa kule msituni wenye kufika kwa pirogi, mitumbwi ya mtoni. Maswali yanakuja katika bahasha zenye kufungwa, zinafunguliwa mbele ya macho yao. Kuna maswali ambayo wote wanaulizwa, kama Kifaransa na historia. Halafu kuna siku ya option, hapo kila mtu anaulizwa ile aliyosoma miaka yote. Wa pédagogie anaulizwa namna ya kufundisha mtoto. Wa commerciale, hesabu za biashara. Wa sayansi, mambo ya damu na dawa na umeme. Wa coupe-couture anakata nguo, waalimu wamesimama wanamwangalia mkono."

"Nguo?" Sharifa aliuliza. "Kushona ni Exetat?"

"Ni Exetat, mama. Ungepata diplome."

Sharifa aliitazama cherehani yake kama vile imempa salamu.

"Na huwezi kufika siku hiyo ukasema, leo nimebadilisha," Raïssa aliendelea. "Ulichochagua baada ya mwaka wa nane ndicho kitakachokuuliza. Kwa hiyo wanaita wazazi sasa. Latin-philo ni ngumu, sikufichi, na wanaokwenda udaktari wanapita vizuri zaidi kwa sayansi. Lakini haifungi mtu. Inafundisha kusoma jambo mpaka chini kabisa."

"Na watoto hawaibiani majibu, wamekaa karibu hivyo?"

"Maswali ni yaleyale, lakini hayafuatani sawasawa. La kwanza langu ni la tano la jirani."

Alijaribu kuiona nchi nzima imeinama asubuhi moja, vichwa vya watoto kama mpunga wa uwandani upepo unapoulaza, kuanzia hapa ziwani mpaka mahali ambapo hata kwa jina hakupajua. Na mtu fulani, asiyejulikana, amekaa akafikiria mtoto wa Luvungi na wa Kinshasa waulizwe jambo lilelile, kwa haki ileile. Alikuwa ameishi karibu na kitu kikubwa hivyo siku zote, akiona poda tu.

"Na hicho Kilatini," alisema polepole, "ni maneno yenye maana? Kama haya yetu?"

"Yote yana maana, koko."

"Hata yale mtu anasema tu kwa kuomba?"

"Hata hayo."

Generose alitazama miguu yake. Maneno hayo hakuwahi kuyasema mbele ya mtu isipokuwa mbele ya Mungu na Arakaza. Lakini mwanamke huyu alikuwa amehamisha kigoda chake mpaka kwenye sikio zima.

"Kuna maneno kaka yangu aliniachia," alisema. "Nolitimeresororedibo."

Aliyasema kwa pumzi moja, kama alivyoyasema kila jioni. Raïssa alikunja uso.

"Rudia, koko. Pole pole."

Akarudia. Raïssa alitikisa kichwa, akafumba macho, akayasema mwenyewe chini kwa chini, akiyakata hapa na pale kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo. Kisha macho yakafunguka.

"Si neno moja. Ni manne." Akainua kidole kwa kila moja. "Noli. Timere. Soror. Redibo."

Generose alishika ukingo wa kigoda. Miaka yote alikuwa amelibeba kama gogo moja. Kumbe zilikuwa fito nne, na kila moja ingeweza kusimama.

"Noli timere, ni usiogope," Raïssa alisema. "Soror, ni dada. Usiogope, dada."

"Usiogope, dada," Generose alisema.

"Na la mwisho, redibo." Raïssa alikawia kidogo, kwa sababu alikwisha kuuona uso wa mzee. "Redibo ni nitarudi. Kaka yako alisema: usiogope, dada, nitarudi."

Mtoto mchanga alinung'unika, akanyamaza. Sharifa alinyoosha mkono akaushika mkono wa Generose, akauweka juu ya kile kitambaa cheupe, mkono juu ya mkono.

Moyoni Generose alikuwa tena Luvungi, siku ile ya misa ya shukrani. Ngoma zinalia, watu wamejaa, na Sévère katika kanzu yake anapenya katikati ya watu, anamtafuta. Anafika mbele yake, anatabasamu, anamwuliza, "Generose, nilikwambia nini?" Na yeye, akidhani padri anamwuliza katekisimu, aliinamisha kichwa na kunyamaza. Sévère alimngoja kidogo. Kisha wengine wakamvuta.

"Alirudi," Generose alisema. "Kaka yangu alirudi, akaniambia kwamba amerudi, na mimi sikujua."

"Sasa umejua, Mama Amandine," Sharifa alisema.

"Sasa nimejua."

Alilia bila sauti, na hakikuwa kilio cha uchungu peke yake. Kilikuwa kama cha mtu aliyeletewa kitu alichokizika, akakikuta kizima. Kaka yake alikuwa na miaka isiyozidi ya Arakaza alipoyasema. Maneno yakakaa katika kinywa chake yeye, mke wa mkulima, jioni kwa jioni, vita vikipita, maji ya ziwa yakipanda na kushuka, na hayakuharibika. Yalikuwa yanangoja tu mtu mwenye kuyafungua. Na mtu huyo alitoka Baraka, na mtandio wake, na mtoto mgongoni.

Jioni Generose alimkalisha Arakaza kwenye mkeka kabla ya rozari, akamweleza yote, hata habari ya kanzu ya utawa. Arakaza aliposikia hapo alianguka ubavu kwa kicheko.

"Utawani, minye? Koko, na hizi kelele zangu?"

"Uliandika pater, mater, gizani. Ningefikiri nini?"

Kicheko kikapungua. Arakaza aliuchora mkeka kwa ukucha.

"Ule mstari niliofuta ni wa kwako," alisema. "Yale maneno yako ya mwisho. Nilijaribu kuyaandika kwa masikio, yakanishinda. Nilimwuliza mwalimu wetu, Prof Thaddée, akasema yanafanana na Kilatini, lakini yeye alifanya pédagogie, hakukisoma. Aliniandikia mawili anayoyajua. Akasema mwenye kujua zaidi ni wa Latin-philo." Akaendelea kuchora. "Sikutaka kukuuliza weye. Niliona kama ni ya siri yako na Mungu. Nikasema nitaenda kujifunza, siku moja nikuambie."

Generose alimwangalia mtoto huyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo ndiyo sababu alikuwa akimtazama mdomoni.

"Sasa umeshajua maana yake," alisema. "Hauna tena haja ya kujisumbua. Pédagogie iko karibu, ni hapa hapa. Bado unaitaka ile ngumu?"

"Sasa ndiyo naitaka zaidi, koko. Kama maneno manne yalikuwa na kitu hicho ndani, mengine yako na nini?"

Ijumaa walienda pamoja. Wazazi walijaa darasani, wakubwa kwenye viti vya watoto, magoti yamewapanda vifuani. Prefe, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya mafua, aliwaita mmoja mmoja. Karibu wote walisema pédagogie, wachache wakasema commerciale. Zamu ya Generose ilipofika alisimama, akajishika kwenye meza.

"Latin-philo," alisema, kila kipande mahali pake.

Minong'ono ilipita. Nyuma yake alikuwa amekaa mfanyabiashara wa mchele mwenye mitumbwi ya injini, baba wa kijana anayeitwa Vainqueur.

"Koko, mnatuletea padri mwenye herini?" aliuliza, na watu wakacheka.

Generose aligeuka bila haraka. "Baba Vainqueur, mke wa Nourdine, fundi wa injini zako, alisoma Kilatini mpaka akakimaliza, na anaswali mara tano kwa siku. Hebu nenda kamwombe akubatize, uone."

Kicheko cha mara hii kilikuwa upande wake, na Baba Vainqueur mwenyewe alikuwa ndani yake. Prefe alingoja, kisha akauliza kwa sauti ya chini, si ya kumwaibisha:

"Mama, umeelewa ni nini? Wengi wanaikimbia. Na siku ya Exetat hakuna kubadilisha."

"Nimeelewa. Ndicho kitakachomwuliza. Ni ngumu, haimfanyi mtawa, na haimfungi. Inafundisha kusoma jambo mpaka chini." Akatafuta neno jingine, hakulipata. "Mtoto ameitaka akiwa macho, bwana prefe. Na mimi nimeikubali nikiwa macho."

Prefe aliandika. Kisha aliinuka mwenyewe, akazunguka meza, akamfungulia mlango.

Jumapili mchana Raïssa alifika Kilibula na kifurushi kutoka kwa mama mkwe wake. Ndani yake kulikuwa na kile kitambaa cheupe, lakini sasa kilikuwa shati mbili za masomo, kola zimesimama, mishono midogo kama ya mashine za Ulaya. Sharifa alikuwa ametuma neno: kitambaa kimekwisha, na cha safari ya Mama Amandine watatafuta kingine baadaye sana, maana yeye bado haendi popote.

Arakaza alivaa moja papo hapo, juu ya nguo zake, akageuka huku na huku. Ilikuwa kubwa kidogo. Sharifa alikuwa amepima na miaka ya mbele.

Kisha Raïssa alimpa Generose mtoto ambebe, akachukua chaki. Mwanafunzi na mwalimu walisimama mbele ya mlango uliofungwa, na ule mstari uliokuwa umefutwa ukaandikwa upya, maneno manne, kila moja na nafasi yake. Generose aliyasoma kwa macho kutoka alipokaa, bila kidole. Chini yake Raïssa aliongeza mengine ya Kilatini: la maji, la nchi, la mkate, la mwanga. Arakaza aliyasema, akayakosea, akayasema tena. Mtoto mchanga alimshika Generose kidole na kukikaza, na yeye hakuthubutu kukitoa. Aliwaza kwamba labda ataishi kuona poda. Labda hataishi. Siku hiyo nchi nzima itakuwa imeinama, na mmoja wa walioinama atakuwa na shati iliyokusudiwa kumzika bibi yake.

Jua liliposhuka Raïssa alifunga mtoto mgongoni. Generose alimsindikiza hata barabarani, na walipofika hapo akamsindikiza tena mpaka kwenye kona ya pikipiki, akiongea juu ya mambo madogo, bei ya samaki ndagala, meno ya mtoto. Yule dereva wa miwani iliyovunjika alikuwapo. Generose akamwonyesha kidole: huyo ndiye, huyo anabeba watu vizuri.

Raïssa alipanda, akatandaza nguo yake, akashika kiti kwa mkono mmoja. Generose alikuwa bado ameushika mkono wake mwingine.

"Mlango bado uko na nafasi kubwa chini," alisema. "Rudi ututembelee, mwananje. Usikawie."